Mannenberg Ilivyofika Morogoro

Morogoro niliyokulia ilikuwa mji wa magitaa. Hapa ndipo Salum Abdallah alipoijenga Cuban Marimba, na hapa ndipo Mbaraka Mwinshehe alipoipa Morogoro Jazz jina mpaka akafika Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1970. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka wanaume wazima wa Mji Mpya wameketi barazani, redio katikati yao, hakuna anayenyanyua kete ya bao. Bendi za enzi zile zilipenda kujiita Jazz: Western Jazz, Nuta Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz. Zilikuwa na magitaa, saksofoni, tarumbeta na tumba. Piano haikuwamo. Kinanda kwetu kilikuwa chombo cha kanisani, hupigwa Jumapili, kisha hufunikwa kitambaa hadi Jumapili nyingine.

Piano niliyokuja kuipenda maishani mwangu ilifika mjini kwetu ndani ya kaseti, na ilipitia Mazimbu.

Mazimbu iko kilomita chache kutoka katikati ya mji, kandokando ya Mto Ngerengere, milima ya Uluguru ikionekana upande wa kusini. Lilikuwa shamba la mkonge lililotelekezwa. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa African National Congress, ANC, eneo hilo ili wajenge shule ya vijana waliokuwa wakivuka mipaka kwa mamia baada ya mauaji ya Soweto ya tarehe 16 Juni 1976. Shule ikaitwa Solomon Mahlangu Freedom College, kwa jina la kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Palepale kwenye mkonge yakaota madarasa, mabweni, hospitali, kituo cha watoto wachanga, mashamba na karakana. Wajenzi walikuwa Waafrika Kusini wenyewe, wageni wa kujitolea kutoka Ulaya, na watu wa Morogoro waliopata ajira pale.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa seremala, na kazi yake ilikuwa katika karakana ya samani iliyopewa jina la Vuyisile Mini. Alipenda kutueleza huyo Mini alikuwa nani: kiongozi wa wafanyakazi, mwimbaji wa sauti nzito na mtunzi wa nyimbo za mapambano, aliyenyongwa na serikali ya makaburu Novemba 1964 na kwenda kitanzini akiimba. Baba aliona fahari kutengeneza madawati mahali penye jina la mtu wa namna hiyo. "Hawa watu," alikuwa akituambia, "hata karakana ya mbao wanaiita kwa jina la mwimbaji."

Hiyo ilikuwa miaka ya dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha na hazina ikaisha navyo. Sukari, sabuni na unga tulivipangia foleni, na aliyekuwa na betri mpya za redio alizificha. Mazimbu ilipata misaada ya nje, na zipo siku watu wa mjini walinung'unika kwamba wageni wanakula kuliko wenyeji. Lakini ukaribu ulizidi manung'uniko. Watu wa ANC, kama tulivyowaita, walikuja sokoni na Kiswahili chao cha kuokoteza, wakacheza mpira na timu za mitaani, wakaoa na kuolewa. Usiku, Radio Tanzania ilipotoa nafasi kwa matangazo yao ya Radio Freedom, mlio wa bunduki unaofungua kipindi ulisikika hata vibarazani kwetu.

Nilikuwa nikienda Mazimbu siku za likizo kumpelekea Baba chakula. Njiani palikuwa na nyumba ya mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Cape Town, aliyefundisha watoto wadogo. Rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde na nywele zake laini, nami kwa mara ya kwanza nilimdhania Mwarabu wa Msamvu. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mama." Aliitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa lafudhi iliyovunja neno katikati, akanikaribisha kivulini. Kwenye dirisha la nyumba ile palikuwa na redio kaseti, na ndani ya redio kaseti ile palikuwa na piano.

Nitajaribu kueleza nilichosikia. Piano ilishika mdundo wa polepole, wa kutembea, na ikaendelea nao bila haraka wala kuuacha. Sauti yake haikuwa laini kama kinanda cha kanisani. Ilikuwa kavu, yenye mlio wa bati, ya chombo kilichokaa muda mrefu kwenye nyumba ya pombe. Besi na ngoma vilipita chini yake. Kisha saksofoni ikaingia kuongea, ikaongea na kuongea, na nyuma yake piano ikawa inaitikia maneno yaleyale. Wimbo ulikwenda zaidi ya dakika 13. Nilisahau chakula cha Baba mikononi mwangu. Mama yule alikuwa anaosha vyombo, na nyonga zake zilikuwa zinacheza zenyewe.

Nikamwuliza ni bendi gani. Akanionyesha jina lililoandikwa kwa kalamu kwenye kaseti: Dollar Brand. "Huyo ni jirani yetu," akasema, "na wimbo unaitwa Mannenberg."

Kwa miezi iliyofuata niliipata habari ya wimbo ule kidogokidogo, kwa maana mama yule hakuwa mtu wa kusimulia kwa mkupuo. Alizaliwa District Six, mtaa wa chini ya Mlima wa Meza, karibu na bandari. Waliishi humo machotara, Waafrika, Wahindi, Wayahudi, Wakristo na Waislamu, nyumba ikigusa nyumba. Adhana ilisikika kutoka msikitini na nyimbo za kwaya kutoka kanisani, na kila mwaka mpya vikundi vya waimbaji viliingia mitaani na mavazi ya kung'aa na ngoma za ghoema. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ilitangaza kwamba District Six ni eneo la wazungu peke yao. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa kwa miaka iliyofuata na kutawanywa kwenye uwanda wa mchanga nje ya mji. Matingatinga yalibomoa nyumba, yakabakiza misikiti na makanisa yakiwa yamesimama peke yake kwenye vifusi. Manenberg ni mojawapo ya vitongoji walikotupwa watu wale. Kwa hiyo mama yule alipoucheza wimbo wa Mannenberg akiosha vyombo Mazimbu, alikuwa ameshahamishwa mara mbili: kutoka nyumbani kwao kwenda mchangani, na kutoka mchangani kuja kwetu.

Habari za mpiga piano mwenyewe nilizikusanya nikiwa mkubwa, katika maandishi, filamu na rekodi, lakini hata leo nazisoma kwa sauti ya Mazimbu. Alizaliwa Cape Town tarehe 9 Oktoba 1934, akaitwa Adolph Johannes Brand. Bibi yake alikuwa mpiga piano wa kanisa la African Methodist Episcopal, mama yake pia alipiga, na yeye alianza kufundishwa akiwa na miaka saba. Cape Town ni bandari, na mabaharia wa Marekani walikuja na sahani za santuri. Kijana aliyekuwa akizinunua kwao akapewa jina la utani la Dollar. Alipofika miaka 15 alikuwa tayari anapiga kwenye bendi za dansi. Ndani ya vidole vyake zilikutana tenzi za kanisani, ngoma za mwaka mpya, muziki wa wapiga piano wa jazz wa Marekani Duke Ellington na Thelonious Monk, na marabi, ule muziki wa piano wa vilabu vya pombe vya Johannesburg unaozungusha kodi chache zilezile, yaani mafungu ya noti zinazopigwa pamoja, usiku kucha ili mchezaji asipumzike.

Mwaka 1959 aliungana na Hugh Masekela wa tarumbeta, Jonas Gwangwa wa tromboni na Kippie Moeketsi wa saksofoni, wakaunda Jazz Epistles. Januari 1960 walirekodi santuri ya kwanza ndefu ya jazz ya wanamuziki Weusi wa Afrika Kusini. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Machi, polisi waliwaua watu 69 Sharpeville. Ikatangazwa hali ya hatari, ANC ikapigwa marufuku, na mikusanyiko ya watu wa rangi mbalimbali ikawa inaandamwa na polisi. Bendi haikuweza kuendelea. Masekela na Gwangwa wakaenda nje. Mwaka 1962 Dollar Brand naye akaondoka kwenda Zürich, Uswisi, pamoja na mwimbaji Sathima Bea Benjamin, aliyekuja kuwa mke wake.

Wengi wanaosimulia maisha yake husimama hapa na kushangilia, kwa sababu mwaka 1963 Duke Ellington alipita Zürich. Sathima ndiye aliyekwenda kumtafuta na kumsihi aje awasikilize kwenye mkahawa walikokuwa wakipiga. Ellington alikuja, akawasikiliza, akawapeleka Paris kurekodi. Santuri ya kundi la Dollar Brand ikatoka na kumfungulia milango ya Ulaya na Marekani. Aliyoimba Sathima katika safari hiyohiyo yalikaa kabatini mpaka mwaka 1997. Namtaja Sathima kwa makusudi. Kila mara tunapomsifu mume kwa bahati ya kukutana na Ellington, tukumbuke aliyeifuata bahati hiyo kwa miguu yake alikuwa mwanamke, naye alisubiri zaidi ya miaka 30 sauti yake isikike.

Wakahamia New York mwaka 1965. Mwaka uliofuata Ellington alimwachia akae kwenye piano na kuiongoza bendi yake katika maonyesho kadhaa. Kwa mwanamuziki wa jazz hakuna kiti cha juu kuliko hicho. Lakini mtu yule hakuonekana kutulia. Mwaka 1968 alisilimu na kuchukua jina la Abdullah Ibrahim, na baadaye akaenda kuhiji Makka. Katika miaka ya 1970 akawa anarudi kusini mwa Afrika, Swaziland na Cape Town, kutafuta kitu ambacho New York haikuwa nacho.

Alikipata Juni 1974, katika studio mjini Cape Town. Walikuwepo Basil Coetzee na Robbie Jansen kwenye saksofoni, vijana wa kwao waliokulia katika muziki uleule wa mitaani. Coetzee alikuwa mzaliwa wa District Six. Ndani ya studio palikuwa na piano kuukuu ya wima ambayo nyundo zake zilichomekwa pini za chuma, na ndiyo iliyotoa ule mlio wa bati nilioukuta kwenye dirisha la Mazimbu. Mtu aliyepiga piano bora za kumbi za Ulaya aliketi kwenye chombo hicho, akaanza kuzungusha kodi chache za marabi, na wenzake wakaingia. Wimbo ukarekodiwa bila maandalizi marefu. Rashid Vally, mwenye duka la santuri Johannesburg, aliutoa kwenye lebo yake, ukaenea nchi nzima. Basil Coetzee tangu siku hiyo aliitwa Basil "Manenberg" Coetzee.

Hapa ndipo ninapomwona Abdullah Ibrahim mkubwa kuliko pale Paris. Alikuwa ameshajua kupiga muziki mgumu ambao wachache waliuweza. Aliporudi kwa watu waliobomolewa nyumba zao aliwapa wimbo ambao bibi wa jikoni angeweza kuuimba baada ya kuusikia mara moja. Ndani yake aliwakusanyia vitu ambavyo matingatinga hayakuweza kuvifikia: kanisa la bibi yake, ngoma za mwaka mpya, kilabu cha pombe, mwendo wa watu wa pale barabarani. Na wimbo haulii. Unatembea kifua mbele. Ni kama mtu aliyekwenda msibani amejifunga khanga yake ya sikukuu, kwa kuwa waliofiwa wanahitaji kumwona amesimama.

Jambo hilo nililielewa mwaka 1984. Tarehe 12 Aprili Waziri Mkuu wetu, Edward Sokoine, alifariki kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, mkoani kwetu, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Gari lililogongana na lake liliendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini. Sokoine alipendwa, hasa na watu wa chini, na Morogoro ilishikwa na uchungu na maneno mengi ya pembeni. Usiku ule Mama alimwuliza Baba kama atakwenda kazini. Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Msiba huu ni wetu na ni wao pia. Nitakwenda." Kesho yake akachukua msumeno wake akaenda.

Siku zile redio kaseti ya dirishani ilinyamaza. Mama yule wa Cape Town nilimkuta ameketi mlangoni, akaniambia hakulala, kwamba waliogopa kufukuzwa, na kwamba kitu kilichomuumiza zaidi ni kuwatia majonzi watu waliowapokea. Serikali haikuwafukuza. Mwalimu Nyerere hakuugeuza msiba kuwa kisasi, na mji nao haukuugeuza. Wiki kadhaa baadaye nikapita tena na chakula cha Baba, nikausikia ule mdundo wa kutembea umerudi. Sikuona kwamba mama yule amesahau. Uso wake ulikuwa uleule wa huzuni, ila mwili ulikuwa umeamka na kuendelea na kazi. Nikajua wimbo ule ulitengenezwa kwa ajili ya siku kama hizo.

Agosti 1985 rais wa ANC, Oliver Tambo, alikuja kuifungua rasmi shule. Mazimbu ilijaa kwaya. Waafrika Kusini huimba kwa sauti nne hata wakiwa wanachimba mtaro, na siku hiyo waliimba mpaka vumbi likakosa pa kutua. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba muziki kwao ulikuwa sehemu ya kazi ya ukombozi. Jonas Gwangwa, yule wa tromboni katika Jazz Epistles, alikuwa kiongozi wa Amandla, kundi la sanaa la ANC lililozunguka dunia likieleza madhila ya nchi yao. Abdullah Ibrahim mwenyewe, baada ya Soweto, alijitokeza waziwazi kuiunga mkono ANC na akalazimika kurudi uhamishoni New York. Mwaka 1983 aliunda kundi la Ekaya, jina lenye maana ya nyumbani. Wakati huohuo, kule Cape Town, Coetzee na Jansen waliupiga Mannenberg kwenye mikutano ya kupinga ubaguzi, na umati uliupokea kwa namna unavyopokewa wimbo wa taifa.

Tarehe 11 Februari 1990 Nelson Mandela alitoka gerezani. Ilikuwa miaka 24 kamili tangu siku ile District Six ilipotangazwa kuwa ya wazungu. Sijui ni wangapi Mazimbu walioikumbuka tarehe hiyo, lakini mama yule aliikumbuka. Alinishika mkono, akaitaja miaka yote miwili, akacheka huku machozi yanamtoka. Muda si mrefu watu wakaanza kufungasha. Julai 1992 ANC waliikabidhi Mazimbu kwa serikali ya Tanzania, majengo, mashamba na vyote vilivyokuwemo. Mama yule aliondoka kabla ya makabidhiano. Aliniachia kaseti. Kwa miaka mingi niliipiga mpaka utepe ukakonda, nikaja kununua rekodi nyingine za Abdullah Ibrahim, nikazijua The Wedding, African Marketplace na Water from an Ancient Well, na nikamfuata mtu huyu umri wangu wote.

Naye aliendelea. Alirudi kwao, na mwaka 1994 alipiga kwenye sherehe za kuapishwa kwa Mandela. Kwa miaka iliyofuata muziki wake ulizidi kupungua maneno. Ukimsikiliza akiwa peke yake kwenye piano, anaweza kukaa saa nzima bila kusimama, wimbo mmoja ukiingia katika mwingine, nafasi kati ya noti zikiwa pana kuliko noti zenyewe, na katikati ya safari hiyo ukakutana ghafla na ule utenzi wa kanisa la bibi yake. Mwaka 2019 Marekani ilimpa heshima ya Jazz Master, kubwa kuliko zote inazowapa wanamuziki wa jazz. Oktoba 2024 alitimiza miaka 90.

Mimi namshukuru kwa jambo moja hasa. Alinifundisha kwamba watu wakinyang'anywa mahali, mahali hapo panaweza kuhifadhiwa kwa ustadi, na ustadi huo ni kazi nzito inayodai maisha ya mtu. Haitoshi kuwa na uchungu. Ilimbidi ajifunze zaidi ya miaka 30 ndipo aweze kuketi kwenye piano mbovu na kuwajengea watu wa District Six mtaa ambao hakuna tingatinga litakaloufikia.

Na sisi wa Morogoro tuna sehemu yetu katika habari hiyo, tuidai bila aibu. Mazimbu leo ni kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Chuo chenye jina la kiongozi tuliyempoteza kwenye ajali ile kinafundisha ndani ya majengo waliyotuachia watu wale wale, na makaburi ya wenzao waliofia kwetu yako palepale, yanatunzwa. Maelfu ya vijana hupita humo kila mwaka wakienda darasani. Nataka wajue kwamba kabla ya vitabu vyao palikuwa na kwaya, palikuwa na karakana yenye jina la mwimbaji, na palikuwa na madirisha yaliyotoa piano ya Cape Town kuelekea Uluguru. Wafundishwe habari hiyo pamoja na habari za Mbaraka na Salum Abdallah, kwa sababu nayo ni ya mji huu, na wazee tulioisikia kwa masikio yetu tungali hai kuisimulia.